Njia ya Nyuma ya Jiko

Nyumba ya mama iko Iyunga, upande wa juu wa barabara kuu, pale ardhi inapoanza kujiinua taratibu kuelekea milimani. Nilipokuwa mdogo, nyuma ya jiko letu kulikuwa na njia. Nikisema njia, usifikirie kitu kikubwa. Haikuwa na jina wala mtaro, na magurudumu yaliyowahi kuipita ni ya baiskeli iliyokuwa ikisukumwa. Ulikuwa mstari wa udongo uliokanyagwa mpaka ukang'aa, mpana wa kumtosha mtu mmoja mwenye ndoo kichwani. Ulipita kati ya jiko na banda la kuku, ukakata shamba letu dogo la viazi, ukatokea uani kwa jirani yetu wa nyuma.

Jirani huyo alikuwa mama wa Kiislamu, mke wa mfanyabiashara wa vitenge mjini Mbeya. Wazee wake walipanda huku kutoka pwani zamani, wakabaki. Mama yangu ni Mnyakyusa, mwimbaji wa kwaya tangu usichana wake. Wawili hao waliitana wifi, ingawa hakuna aliyeolewa na kaka wa mwenzake, na sisi watoto, kwa kufuata hesabu hiyo hiyo ya ukoo wa kujitungia, tukamwita shangazi.

Shangazi alikuwa akitokea nyuma ya jiko, anafunua sufuria bila kuombwa.

"Wifi, leo tena viazi?"

"Viazi vina nini? Nyie watu wa pwani mnasubiri nazi ipande mlima ndiyo mle."

"Pwani gani wewe. Bahari yenyewe naiona kwenye kalenda. Nimezaliwa humu humu kwenye baridi yenu."

Halafu anakaa kwenye kigoda, anasaidia kumenya hivyo hivyo viazi alivyovicheka.

Niseme neno kuhusu desturi ya kule juu, kwa sababu habari hii yote imesimama hapo. Mtu akikatiza uani kwako alisema, "Tunapita." Alisema hivyo hata kama yuko peke yake. Na wewe uliyeko ndani, hata kama uko chumbani unajifunga kanga, ulijibu, "Piteni, njia yenu." Ilikuwa lazima jibu lisikike. Asiyejibiwa alisimama, akarudia, na asipojibiwa tena alirudi akazunguka kwingine, maana kupita kwenye uwanja wa mtu asiyekuwepo ni tabia ya wezi. Kwa hiyo njia zetu hazikuwa bure. Ziliombwa kila siku na zilitolewa kila siku. Nafikiri ndiyo sababu hakuna aliyewaza kwamba siku moja zingehitaji kuandikwa mahali.

Mimi nikawa mwalimu wa jiografia, nikapangiwa Iringa, nikaolewa huko. Huwa nawafundisha wanafunzi wangu kusoma ramani, na yule anayeogopa ramani namwambia asihangaike, achukue kijiti tu achore mchangani. Jaribu na wewe. Chora mstari mmoja mrefu: hiyo ni barabara kuu, ile inayokwenda Tunduma, yenye malori mchana na usiku. Kutoka kwenye mstari huo chora vijistari vifupi vinavyopanda mlimani, sambamba, bila kugusana. Umechora chanuo. Na huo ndio mtaa wa mama yangu.

Chanuo hilo lilijichonga lenyewe. Mkulima mwenye shamba kando ya barabara alipoanza kuuza viwanja, alikata njia ya gari kutoka barabarani hadi mwisho wa shamba lake, akaishia kwenye mpaka. Jirani yake naye akakata ya kwake. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuunganisha ya kwake na ya mwenzake, kwa maana kufanya hivyo ni kutoa kiwanja kizima kiwe barabara. Kwa miaka mingi hatukuliona kosa hilo, kwa sababu njia za mguu kama ile ya nyuma ya jiko zilikuwa zikipita kati ya meno ya chanuo na kuyashona pamoja. Gari lilishuka na kupanda. Sisi tulikatiza.

Kisha mji ukaja juu. Mashamba ya viazi na mahindi yakageuka mabati, na watu wa upimaji wakafika na vyombo vyao ili kila kiwanja kipate hati. Lilikuwa jambo jema, na nisingependa mtu asome habari hii akadhani napinga hati. Mama alifurahi sana. Alikuwa mjane tayari, na karatasi yenye jina lake ilimpa usingizi.

Kabla ya kupima, wakazi waliitwa kwenye mkutano wa mtaa. Nilikuwa likizo, nikaenda na mama. Mwenyekiti alieleza kwa subira kwamba barabara za magari lazima zitengwe, na kila mwenye kiwanja atoe kipande. Watu walibishana, wakacheka, wakakubaliana. Mzee mmoja alisimama akasema, "Mwenyekiti, ya kwangu ipanue. Siku nikimwoza binti, magari yapate pa kugeuzia."

"Binti gani, mzee? Si ulishawamaliza wote?"

"Basi siku nikioa mimi."

Mama naye alitoa kipande cha mbele, ili wanawe wakija na gari wafike mlangoni. Mwishoni mwenyekiti akauliza, "Njia za magari tumemaliza. Kuna mtu ana njia nyingine anataka iingie kwenye ramani?"

Shangazi alikuwa amekaa benchi la mbele yetu, mtandio wake wa kijani mabegani. Aligeuka kidogo akamtazama mama. Mama akamtazama yeye. Wote wawili wakanyamaza, na mkutano ukafungwa kwa sala.

Nilimuuliza mama tukiwa tunarudi kwa nini hakusema kitu. Alishangaa swali lenyewe. "Ningesemaje mbele za watu? Kwamba nautaka ua wa mtu uwe barabara? Yule angejisikiaje?" Kesho yake nilipomsalimia shangazi jikoni kwake, aliniambia hivyo hivyo kwa upande wake. "Nilijua mama yako atasema. Shamba la viazi ni lake, mimi ningelisemeaje?"

Nilisikia majibu hayo mawili na nikaona yana adabu. Kila mmoja alikuwa akilinda heshima ya mwenzake. Njia ilikuwa ya wote wawili, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuitaja. Ramani ilipotoka, kati ya nyumba ya mama na ya shangazi kulikuwa na mstari mmoja mweusi wa mpaka, mwembamba, ulionyooka vizuri.

Kwa muda hakuna kilichobadilika. Mstari wa ramani haumzuii mtu. Walipita, wakaitikiana, wakamenya viazi. Lakini mume wa shangazi alipofariki, wanawe waliokuwa wakiishi mbali waligawana, na kipande cha nyuma kikauzwa. Mnunuzi alikuwa kijana fundi umeme na mke wake, watu wapole, wenye mtoto mchanga. Wakajenga hadi kwenye mpaka wao kama hati ilivyowaruhusu. Wakati huo huo upande wetu kuku wakaibwa, kisha nguo kwenye kamba, na kaka yangu anayefanya kazi kiwandani Mgololo akaja na tofali na saruji. Akamjengea mama ukuta mzuri, wenye chupa zilizovunjwa juu yake. "Sasa utalala, mama," alimwambia. Mama alimbariki. Ule ukuta ulijengwa kwa mapenzi, nami niliusifu nilipouona.

Baada ya wiki chache mama alimwomba kaka atoboe mlango mdogo. Kaka alipokuja alipanda kwenye stuli akachungulia ng'ambo, akashuka polepole.

"Mama, mlango utafungukia kwenye dirisha la chumba cha watu."

Mke wa yule fundi umeme alituonea huruma alipopata habari. "Mama, tungejua kulikuwa na njia tungeacha. Kwenye ramani hakukuwa na kitu."

Alisema kweli.

Darasani huwa nasema kuna umbali wa aina mbili: umbali wa sauti na umbali wa miguu. Mji mzuri haupishanishi mno umbali huo. Yule unayemsikia akikohoa, unaweza kumpelekea maji. Nyumba ya mama na ya shangazi zilibaki pale pale kwa sauti. Mama alisikia adhana ya simu ya shangazi, akasikia mchi wake. Kwa miguu, shangazi alikuwa amehama. Kumfikia kulitaka kushuka njia yetu yote hadi barabara kuu, kutembea kando ya malori kupita mashine za kusaga na magereji, kisha kupanda jino jingine la chanuo mpaka juu. Mama ana goti bovu. Pikipiki aliziogopa, hasa pale barabarani.

Walijitahidi. Walikuwa wakikutana chini, kwenye benchi la fundi cherehani mmoja aliyekuwa kati ya midomo ya njia zao mbili. Kila mmoja alishuka kwake, wakakaa na vifurushi vyao, vitumbua upande huu, ndizi upande ule, malori yakiwapulizia vumbi. Fundi aliwatania, "Mabibi, hii ni ofisi au baraza?" Shangazi alimjibu, "Wewe shona, mjukuu. Umepata walinzi wa bure unalalamika." Kisha nyonga ya shangazi ikagoma kushuka mlima, na benchi likaisha. Zikabaki simu. Mama aliongea na simu kwa kupiga kelele, na nilipokuwepo nilimsikia shangazi mara mbili, mara moja sikioni kwa mama na mara nyingine juu ya ukuta.

Kilichonifanya niandike haya kilitokea Juni, mwezi wa baridi kali, ukungu ukiwa umelala hadi kwenye mabati. Nilikuwa nyumbani likizo. Asubuhi tulisikia sauti za watu wengi ng'ambo ya ukuta, wakisoma kwa pamoja.

"Wana maulidi," mama alisema. Akaendelea kuchagua maharage, kisha akaongeza, "Mbona hajaniambia?"

Nilipiga simu ya shangazi. Iliita mpaka ikakata. Nikamwambia mama kwamba mwenye shughuli hawezi kushika simu, tutampigia jioni. Akakubali, lakini niliona ameumia kidogo.

Maharage yalikuwa yameshachemka mara ya kwanza tuliposikia mwanamke akilia. Kilio kimoja, kirefu, na vingine vikafuata. Mama aliweka mwiko chini.

"Hiyo siyo maulidi," alisema. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. "Niitie pikipiki."

Tulipanda wote wawili, mama katikati, kanga yake ikiwa imefungwa chini ya kidevu. Alifumba macho barabara kuu nzima. Tulipokata kuingia njia ya pili, kijana wa pikipiki akauliza, "Nyumba ipi, mama?"

Mama akafumbua macho. Mbele yetu kulikuwa na mageti, kushoto na kulia, ya rangi zinazofanana, na kuta, na njia iliyogawanyika mara mbili.

"Yenye mlango wa jiko wa bati la bluu," alisema.

Kijana alipunguza mwendo. "Mama, milango ya jiko huku haionekani. Geti lake likoje?"

Mama hakujua. Kwa miaka yote ile ya kufunuliana sufuria, hakuwahi hata siku moja kufika kwa wifi yake kwa mbele. Nami sikujua. Kila mara nilitokea kwenye viazi, nikasema tunapita. Mwalimu wa ramani mzima, nilikaa nyuma ya pikipiki nikitazama mageti kama mgeni aliyeshuka kwenye basi.

Tulichukua njia ya kulia. Iliishia kwenye ukuta. Tukarudi. Tulimuuliza mwanamke aliyekuwa akianika nguo. Alisema yeye ni mpangaji, ni mgeni, lakini ameona watu wakipanda kule juu. Tukachukua ya kushoto, na mwisho wake tukaona turubai, viatu vingi mlangoni, na wanawake wamekaa kwenye mikeka. Viti vya wanaume vilikuwa vitupu.

Binti wa shangazi, aliyecheza nami kombolela kwenye ile njia, alimpokea mama kwa mikono miwili.

"Wametoka sasa hivi, mama," alisema. "Wamekwenda kuzika. Mbona umechelewa? Sikutuma mtu kwako, nilisema huyu yuko hapo hapo nyuma, amesikia kabla yetu."

"Nilisikia," mama alisema. "Nimezunguka, mwanangu."

Shangazi alikuwa amefariki alfajiri. Watu wake walitangaziana kwa simu hadi pwani, na jirani wa nyuma akasahauliwa kwa sababu alikuwa karibu mno. Siwalaumu hata chembe. Kwa umbali wa sauti walikuwa sahihi kabisa.

Walitaka kumkalisha mama sebuleni, kwenye kochi, kwa heshima ya umri. Alikataa kwa upole, akaomba apelekwe uani. Wakamtandikia mkeka kando ya mlango wa bati la bluu. Hapo akatulia, maana hatimaye alikuwa mahali anapopajua. Mbele yake palikuwa na ukuta wa nyumba ya fundi umeme, na juu ya paa lake kilionekana kilele cha mti.

"Kumbe mparachichi wetu unaonekana hapa," alisema.

"Marehemu alikuwa akiutazama," binti alimjibu. "Ukizaa sana alikuwa anasema, wifi leo analo la kula na mkate."

Mama aliinamisha kichwa, na ndipo akalia.

Sisi wa miji inayokua huwa tunadhani kinachopotea mji unapopanuka ni kitu kikubwa, mashamba, misitu, mto. Mara nyingi ni upana wa mtu mmoja mwenye ndoo kichwani. Na kinapotea bila mtu mbaya. Nimejaribu kumtafuta mkosaji katika habari hii na simpati: mwenyekiti aliuliza, wapimaji walipima walichoonyeshwa, kaka alimlinda mama yake, fundi umeme alijenga kwake. Ninachoweza kumwomba msomaji ni hiki kidogo. Ukiitwa kwenye mkutano kama ule, na ukaulizwa kama kuna njia nyingine, usimwogope jirani yako. Itaje. Hata ile ya kupitia jikoni kwake, itaje, naye atafurahi kwamba umeitaja wewe.

Nimejenga Ipogolo, chini ya mteremko wa mji wa Iringa, na huko nako mashamba yanakatwa haraka. Zamu yetu ya kupimwa ilipofika niliomba uachwe ujia kati ya kiwanja changu na cha jirani, wa kutokea njia ya nyuma. Mzee mmoja wa Kihehe alinicheka mkutanoni. "Mwalimu, unaacha ardhi ipite mbuzi?" Nikamwambia na mbuzi wana jamaa zao. Watu wakacheka, jirani akakubali, na upo sasa kwenye ramani, umeandikwa.

Mama alikuja kunitembelea mwezi uliofuata. Nilimpeleka kuuona, huku nikimweleza mambo ya chanuo na meno yake, naye akinisikiliza kama anavyonisikiliza siku zote, kwa uvumilivu. Alisimama kwenye mdomo wa ujia, akajishika ukingo wa ukuta.

"Tunapita," aliita.

Ilikuwa saa za kazi. Jirani alikuwa sokoni, na nyumbani kwake kulikuwa kimya. Mama akasubiri, akaita tena.

"Mama, hii ni ya wote," nilimwambia. "Imeandikwa. Huna haja ya kuomba."

Hakusogeza mguu. Alitega sikio kidogo upande wa nyumba ile, kisha akatafuta jiwe la kukalia kwenye jua.

"Basi tuwasubiri," alisema.

Nikakaa naye.